Kaunta Buku Kumi na Moja za Ng'ombe

Nilipaswa kukataa. Shemeji yangu, ndugu ya mke wangu, alitaka tuandike kazi yetu yote kwenye jedwali moja la simu, ambalo yeye angelifungua Bungoma nami nikalifungua Kitale wakati huo huo. Jedwali halikuwa na ubaya. Ubaya ulikuwa kukubali kuzitupa kaunta buku zangu, yale madaftari makubwa ya jalada gumu. Zote kumi na moja nilimpa jirani anayekaanga mandazi, azichane awafungie wateja.

Tulikuwa tunapandisha ng'ombe kwa mbegu za fahali, zinazotunzwa kwenye mtungi wa baridi kali. Katika buku zangu kila ng'ombe alikuwa na ukurasa wake: mchoro wa madoa yake, jina la mwenyewe, mama yake na fahali aliyemzaa. Sikufungua mtungi kabla ya kusoma ukurasa, maana mtamba hapewi mbegu za baba yake.

"Shemeji, hizo ni za makumbusho," aliniambia akicheka. "Ama unataka uzikwe nazo?"

Sikutaka kuonekana mzee. Kwa wiki tatu nikamsomea, yeye akiandika. Michoro haikuingia, kwa sababu hatukuitengea mahali.

Miezi miwili baadaye nilikuwa natafuta jina la mteja, silipati. Nikakumbuka rejista za shuleni, nikaishika safu ya majina peke yake, nikaipanga kwa alfabeti. Majina yakapanda na kushuka, ng'ombe wakabaki walipokuwa. Jirani yangu mwingine, ambaye hajawahi kufuga ila ng'ombe wa Jezi, sasa jedwali lilimpa wa Freshiani. Nilijua nimeharibu. Ningempigia shemeji simu siku hiyo, angelirudisha kwa dakika chache. Niliogopa kicheko chake, nikaizima simu.

Kabuchai, upande wa Bungoma, kulikuwa na mama mmoja, mwalimu mstaafu, aliyeanza na ng'ombe mmoja na kujichagulia fahali kwa miaka mingi, mpaka akabaki na mtamba mmoja aliyemtegemea kuendeleza uzao huo. Shemeji alisoma jedwali, ambalo kwenye jina la mama sasa lilionyesha ng'ombe wa mtu mwingine, akampandishia mtamba huyo mbegu za baba yake mzazi. Ndama alizaliwa miguu imepinda, akafa siku ya nne bila kusimama. Mtamba aliumia katika kuzaa, na hakushika mimba tena.

Karatasi tunazomwachia mfugaji kila tunapopandisha, mama alikuwa amezitunga zote kwenye msumari nyuma ya mlango. Alizilinganisha, akaona fahali ni yule yule aliyemzaa mtamba. Habari zikafika sokoni kwamba shemeji anauza mbegu ovyo ovyo, na wateja wakaanza kumkwepa. Nikaenda Kabuchai mwenyewe. Shemeji alikuwepo. Nikasema mbele yao kwamba ni mimi niliyevuruga majina.

Mama aliuliza, "Daktari, ulijua lini?"

"Siku ile ile."

"Basi usiseme ulikosea. Mwenye kukosea ni yule asiyejua."

Tangu hapo natembea boma kwa boma. Naomba karatasi za zamani, wengine wanazitoa kwenye mikebe ya majani chai, wengine wananifukuza nami narudi wiki inayofuata. Naandika kaunta buku mpya, nachora madoa, napiga ukurasa picha na kuiweka kwenye jedwali kando ya ng'ombe wake. Nimejifunza kuzifunga safu ili moja isihame bila nyingine. Goti langu la kushoto limechoka, lakini Kabuchai nimeshamaliza, na sitaacha mpaka kila ng'ombe ajulikane baba yake.

Shemeji naye hulitumia jedwali hilo. Naona jina lake linapotokea juu, najua yuko Bungoma anasoma nilichoandika asubuhi. Hatuandikiani neno. Aliacha kushirikiana nami siku ile ile pale Kabuchai, sasa anapandisha kivyake, na mke wangu sasa huenda kwao peke yake. Kuzitupa zile buku kulinipotezea shemeji, na kukampotezea yule mama uzao wote wa ng'ombe wake.