Kokoto Chini ya Maji

Shule niliishia darasa la nne, lakini kuhusu mawe hakuna wa kunifundisha Bariadi nzima. Nilianza na nyundo ya kuazima, nikigonga kokoto juani mpaka kucha zikatoka. Leo tafuta ghorofa mjini ambayo haijakalia kokoto zangu, uniambie. Miamba iliyowashinda babu zetu mimi niliilaza kwa baruti.

Mdogo wangu wa kike aliolewa pwani ya Kilwa na mvuvi. Huyo shemeji alipokuja kututembelea alinikuta machimboni nikilipua. Siku ya kuondoka akasema, “Shemeji, kwetu kuna mwamba unatusumbua. Nigawie baruti kidogo.”

Nilicheka. “Watu wa pwani mnashindwa na jiwe! Mnajua kula pweza tu.”

Nilidhani anachimba kisima. Kwetu mwamba ni jiwe, basi. Nikampa nyingi kuliko alizoomba, maana mimi sijui kutoa kidogo.

Mwaka uliofuata nikaenda kwao na gunia zima la mchele, nikijua nitakula samaki mpaka nichoke. Nikaandaliwa ugali na kisamvu. Watoto wamekonda. Baba yao alikuwa amefuata samaki visiwa vya mbali, na salamu hazikuwa zikifika.

“Kaka, nyumba yangu inakufa,” mdogo wangu akasema. Hakunitazama.

Mama mkwe wake, bibi aliyeishi kwa kuvua pweza, akanishika mkono. “Njoo uone mwamba wako.”

Maji yalikuwa yamekupwa. Tukaingia mpaka magotini, nikatazama chini. Nikaona kitu ninachokijua kuliko mwili wangu. Kokoto. Zimepauka, zimelala ovyo, ukubwa ule ule wa kumwagia zege.

“Haya yalikuwa matumbawe,” bibi akasema. “Yalikuwa hai, kama mimi na wewe. Humu ndimo samaki walimozaliana. Mwaka ule bahari ilipopata joto yakawa meupe karibu yote. Kipande hiki kilikuwa kimeanza kurudisha rangi. Ndipo mwanangu akaja na baruti zako. Siku tatu alijaza mashua. Ya nne hakupata hata dagaa.”

“Mayu,” nikamwita, kama tunavyowaita mama zetu Usukumani, “si yataota tena?”

“Yataota wapi? Kila wimbi linayaviringisha. Labda vitukuu wangu wataona.”

Nikamwambia nitaleta mafundi, nitaleta saruji, tutajenga mwamba mwingine mkubwa kuliko huu. Akaokota kokoto moja, akanitia kiganjani.

“Wewe ni fundi wa kuvunja, baba.”

Niliondoka na mdogo wangu na wanawe. Bibi alikataa kuja. Nyumbani kwangu kuna chakula cha kutosha kijiji, lakini mdogo wangu alikataa kula cha bure kutoka mkono wangu, akadai nyundo. Sasa kila asubuhi anakaa machimboni kwangu, anagonga kokoto. Watoto humuuliza watarudi lini kwao. Hunitazama mimi, kisha anaendelea kugonga.