Salamu Upande wa Sikio Zima

Mama yangu alikuwa na sikio moja. La kushoto lilikufa kwa surua angali binti, na katika nyumba yetu, jirani na kijiji cha Songwa, tulilelewa kwa utaratibu ambao wageni walichelewa kuuelewa: ukitaka kuzungumza na mama, nenda kuliani kwake. Kanisani na shambani, wakati wa kuchuma pamba, mtoto aliyekaa kushoto alikuwa amechagua kunyamaza. Kaka yangu aliutumia upande huo kumtania kwa sauti ya chini, sisi tukacheka, naye mama, akiviona vicheko, alisema, "Semeni tu. Iko siku nitaota la pili."

Ndiyo maana asubuhi ile ya Jumamosi, nilipofika kutoka Segese nilikokuwa tabibu wa zahanati, sikufanya kosa la upande. Nilipiga goti kuliani kwake, nikainamisha kichwa na kumwamkia mama kwa lugha ya kwetu, "Mwangaluka, mayu."

Hakuitika. Alikuwa ameketi kwenye kigoda akipepeta choroko, na ungo haukusimama. Nikarudia. Choroko ziliruka, zikatua, zikaruka. Kwetu mama asiyeitikia salamu ya mwanawe aliyepiga goti hana haja ya kueleza zaidi; amekwisha sema kwamba mtoto huyo amekosa, na kosa lake si la kusahauliwa kwa kukaa kimya. Nilinyanyuka nikiwa na vumbi gotini, na kosa langu nililijua.

Miaka kadhaa kabla ya hapo mama alikuwa amepasuliwa rovu katika hospitali moja ya Mwanza. Waliondoa karibu tezi yote ya shingo, wakamwachia kovu jembamba kama uzi wa mkufu na agizo la kumeza kidonge kimoja kila asubuhi, kabla ya uji, hadi mwisho wa maisha yake. Vidonge hivyo nilivinunua Kahama na kuvituma kwa basi. Kisha, siku chache baada ya Pasaka, nilimkuta jikoni akikata vidonge kwa kisu cha mboga. Nusu alimeza yeye. Nusu nyingine aliifunga katika kipande cha karatasi na kumpa jirani yetu, mama mmoja mjane ambaye rovu lake lilikuwa limeanza kumbana pumzi. Kwa mama hili lilikuwa jambo la kawaida kabisa. Mtu mwenye chumvi humgawia asiye nayo. Kwa nini dawa ya shingo iwe tofauti, wakati ugonjwa ni mmoja na ua linalotenganisha nyumba ni la minyaa?

Nilimkemea mbele ya jirani huyo. Nilitumia sauti niliyoizoea kule Segese, ambako mashine za karasha husaga mawe mchana kutwa na wanaapolo, kama wachimbaji wanavyojiita, huja kwangu masikio yakiwalia, nami nawahubiria juu ya kelele kana kwamba wana kazi nyingine ya kwenda kufanya. Nilimwita mama mjinga. Jirani aliirudisha karatasi juu ya meza, akaondoka bila kuaga. Tangu siku hiyo mama hakunipigia simu kuomba vidonge, nami sikutuma, kwa kuwa niliona ni haki yangu kusubiri aombe. Nilikuwa na elimu ya kutosha kujua nini hutokea kwa mtu asiye na tezi anapokosa dawa. Nilikuwa pia na kiburi cha kutosha kuihesabu miezi mitatu ikipita.

Kwa hiyo kaka aliponipigia simu wiki ile na kusema, "Mama hasalimii watu tangu Jumatatu, na sisi tunajua anamkasirikia nani," nilimwamini.

Jumamosi ile nilimtazama mama vizuri kuliko ninavyopenda kukumbuka. Uso ulikuwa umevimba, hasa chini ya macho, nikasema amelia. Alijifunika blanketi jua likiwa juu ya utosi. Nikasema hataki kuonana nami. Neno moja aliloniambia, "Kula," lilitoka kwa sauti nzito ya kukwaruza, taratibu, kama gunia linaloburutwa. Nikasema ni hasira. Dalili zote hizo, za mwili uliokosa dawa ya tezi, nilikuwa nimeziandika kwa mpangilio katika mtihani wa mwaka wa pili, na nikapata alama zote.

Wifi yangu alinifuata kisimani. "Tabibu," akasema, akiweka ndoo chini. "Umesoma vitabu vyote, uso wa mama yako umekushinda kusoma."

"Nimeshausoma. Ananichukia."

"Basi hujaumaliza. Mimi ananipenda, na mimi pia haniitikii."

Nililichukua neno hilo kama utani wa wifi. Kaka alikuwa amekwisha kuamua kwamba jambo hili ni la mjomba, kaka yake mama anayeishi Bukombe, kwa sababu katika ukoo wetu mtoto hajiombei mwenyewe msamaha wa kosa kama langu. Mjomba alikuwa na msiba. Baada ya msiba akawa na mnada wa ng'ombe. Nikarudi Segese kazini, nikawapima wanaapolo masikio, nikasubiri. Vidonge nilivinunua safari hii, nikaviweka kwenye mkoba ili nimkabidhi mama mwenyewe atakapokuwa amenisamehe. Vilikaa humo siku kumi na mbili.

Mjomba alifika Alhamisi. Tuliketi uani, mama kwenye kigoda, mimi chini, kuliani kwake. Mjomba alizungumza kwa urefu. Alisema mtoto aliyesomeshwa kwa pamba ya mama yake hawezi kumwita mama huyo mjinga, na alisema pia kwamba mama asiyesamehe humfungia mtoto njia. Kisha akamkabidhi mama kikombe cha maji. Huu ndio utaratibu wetu: mama hunywa funda, hulipuliza kifuani kwa mtoto, na hutamka kwamba moyo wake umepoa. Maji yayo hayo hupuliziwa mtu anayeanza safari ndefu, ila kwa maneno mengine.

Mama aliyapuliza. Yalikuwa baridi, yakanilowesha hadi shingoni. Akaniwekea mkono kichwani na kusema kwa sauti yake mpya, nzito, "Uende salama, urudi salama."

Mjomba akacheka kidogo. "Dada, hasafiri huyu. Ameomba msamaha."

Mama akatikisa kichwa kwa upole, akimtazama mdomoni. "Na mvua isiwakute njiani."

Wifi ndiye aliyeinuka. Alikwenda nyuma ya kigoda, kuliani, akachukua sufuria na mwiko, akapiga mara moja. Kuku walitawanyika. Mama aliendelea kunitazama mimi, mkono wake ungali kichwani pangu, akingoja niseme asante.

Baadaye tuliyapata yote kwa vipande, kwa kuandika na kwa ishara. Jumatatu ile aliamka na mvumo kama wa mashine ya kusaga, na sikio zima lilikuwa limezimika. Nilimwandikia: kwa nini hukusema? Alijibu taratibu, akitafuta kila neno. Salamu zetu haziishi kwenye moja. Ukiitikia ya kwanza huja ya watoto, ya ng'ombe, ya mvua, na asiyesikia atajibu ya ng'ombe penye watoto. Mwanamke mzee wa kijiji chetu anayejibu hovyo huanza kusemwa kuwa ni mchawi, na yeye alimjua mwanamke mmoja aliyesemwa hivyo hadi akahama usiku bila mizigo. "Mama mwenye hasira," alisema, "watu humwacha akae."

Daktari wa hospitali ya rufaa tulikompeleka mama alikuwa kijana, hanizidi miaka mingi. Alimpima, akachukua damu, akauliza, "Siku ngapi tangu sikio likatike?"

Nilizihesabu kwa vidole chini ya meza, ingawa nilizijua. "Kumi na tisa."

Alisema sikio la ndani likizimika ghafla dawa hutolewa mapema, katika siku za mwanzo inapowezekana, na kwamba angempa hata hivyo. Majibu ya damu yalionyesha homoni ya tezi imeshuka sana. Nikamwuliza kama ndiyo iliyomla sikio.

"Tezi ikilegea, masikio ya baadhi ya watu hudhoofika, na wapo wanaopoteza usikivu ghafla," alisema. "Uhusiano tunauona. Lakini kwa mama yako siwezi kukuapia. Huenda ni tezi, huenda ni kitu kingine kabisa."

Nilitamani anihukumu. Aliandika dawa.

Vidonge vya shingo vilifanya kazi yake. Uso ulirudi, blanketi likarudi kitandani, sauti ikanyooka na kuwa ile iliyotulea. Yeye haisikii. Jirani yetu nilimpeleka kupimwa, nikamwomba radhi, naye akanijibu kwamba alikwisha sahau, jambo ambalo si kweli. Sikio halikurudi.

Nikifika nyumbani, bado napiga goti kuliani kwake. Mwili haujui kwingine. Lakini mama hangoji tena. Akiona kivuli cha mtu yeyote langoni, hata mtoto wa shule, humwahi kwa salamu yeye mkubwa, kinyume cha desturi yetu yote, kisha hujiulizia na kujijibu mwenyewe mfululizo mzima bila kutua: watoto wazima, ng'ombe wazima, mvua imenyesha. Akimaliza huinamia ungo wake. Mgeni hubaki amesimama, na mimi gotini, hakuna aliyebakiwa na neno la kusema.