Rifleta Mfukoni

Kila mwaka theluji ya kwanza ilipoanguka, shule yetu ilituma nyumbani karatasi ya habari za majira ya baridi, na kila mwaka karatasi ile ilituacha tumechanganyikiwa kuliko kabla ya kuisoma. Msomaji nilikuwa mimi. Mama alijua Kiswidi cha dukani na cha kliniki, Baba alijua cha kazini, kwenye kiwanda cha kufulia mashuka ya hospitali, na mimi wa darasa la pili ndiye niliyejua cha kwenye makaratasi. Basi nilikaa mezani baina yao, nikasoma sentensi kwa Kiswidi, nikaigeuza kwa Kiswahili, kisha nikaulizwa maswali ambayo hata mwalimu mkuu asingeyaweza.

Karatasi ya mwaka ninaoukumbuka ilianza kwa kusema kwamba watoto watatolewa nje kila mapumziko, baridi iwe kali namna gani.

"Wamekosa nini?" Mama akauliza.

Nilimwambia si adhabu, ni afya. Akanitazama kana kwamba nimeikosea tafsiri makusudi. Nikaendelea. Watoto waje na glavu za akiba. Wasipite chini ya paa zenye barafu inayoning'inia. Wakiona ufito mrefu umeegemezwa ukutani kando ya njia, wajue kuna theluji inayoweza kuporomoka kutoka juu, wazunguke. Wasiende kabisa kwenye barafu ya ziwa. Alhamisi waje na viatu vya kutelezea, darasa zima linakwenda kwenye barafu ya ziwa. Wasichimbe mapango kwenye vilima vya theluji kandokando ya barabara, maana dereva wa trekta la kusukuma theluji hawezi kuwaona. Wasilambe chuma.

"Wasilambe nini?"

"Chuma. Kwenye baridi ulimi hunasa."

"Ukistaajabu ya Musa utaona ya Firauni," Mama alisema. "Watoto hawa nani kawanyima chakula?"

Baba alicheka mpaka mabega yakatikisika. Alikuwa Mganda, alikimbia kwao miaka ya sabini akaingia Dar es Salaam, na huko akamwoa Mama, binti wa Tanga, aliyemtania kwa Kiswahili chake tangu siku ya kwanza na hakuacha hata tulipohamia Spånga, kwa Waswidi. Jioni kama zile nilimpenda sana Baba. Alikuwa mtu mzito wa maneno, lakini karatasi ya shule ilimfurahisha kama kichekesho cha redioni.

Nikafika mwisho. Ilisema mtoto yeyote asitembee gizani bila *reflex*, na kwamba mwalimu amempa kila mmoja ya kwake. Nikaitoa kwenye begi. Ilikuwa kipande cha plastiki kilichokatwa mfano wa nyota, kina uzi na pini. Unaibana pini ndani ya mfuko wa koti, nyota inaning'inia nje, na taa za gari zikiipiga inang'aa dereva akuone kutoka mbali.

"Aa, rifleta," Mama akasema. "Kama ya baiskeli."

Baba alisukuma kiti, akaenda kusimama dirishani, akatugeuzia mgongo. Sikuelewa. Nilifikiri labda nimesoma vibaya, nikaisoma tena ile sentensi kimoyomoyo, nikaona sikukosea kitu.

Asubuhi Mama alinibania nyota yangu mfukoni. Mlangoni Baba akaibandua, akaiweka juu ya kabati la viatu, akachuchumaa mbele yangu.

"Sikiliza, mama," akaniambia. Aliniita hivyo siku zote alipotaka nimsikie. "Giza ikiwa, wewe napita kando. Gari ikikuja na mataa, geuza uso, simama kimya mpaka ipite. Hii kitu ya kuwaka, hapana."

"Lakini mwalimu amesema lazima wanione."

"Wakikuona, halafu?"

"Jag vet inte," nikasema. Sijui. Nilikuwa mtoto wa kujibu Kiswidi kila nilipobanwa, na majira yale nilibanwa sana.

Nieleze njia yetu, maana bila njia hiyo jambo hili lisingekuwa jambo. Sisi tulikaa kwenye maghorofa, na shule ilikuwa ng'ambo ya mtaa wa nyumba za bustani, barabara nyembamba zisizo na njia ya miguu. Theluji ikishasukumwa pembeni, barabara zile zinabaki nusu, magari na watoto wanagawana kilichobaki. Desemba jua lilituaga kabla ya kengele ya mwisho. Asubuhi giza, mchana kidogo wa kijivu, giza tena, na koti langu lilikuwa la buluu nzito, la kurithi. Leo nikiwa mama wa watu nisingemvalisha mwanangu koti lile.

Darasani fröken, ndivyo tulivyomwita mwalimu wetu wa kike, alipita akikagua mifuko. Kwangu hakuona kitu. Akanipa nyota nyingine. Baba akaibandua. Akanipa ya tatu, akaniuliza kwa upole kama nyumbani tunaelewa kwamba mtu anaweza kugongwa. Nilitikisa kichwa, nikakitikisa upande mwingine, kwa kuwa sikujua tunaelewa nini. Juu ya kabati la viatu kulikuwa na nyota tatu.

Wazazi wangu waligombana kwa sauti ya chini, ambayo ndiyo mbaya.

"Barabara ile haina pa kukimbilia," Mama alisema. "Mtoto atagongwa."

"Wakimwona, halafu?"

"Halafu hawamgongi, baba. Hicho tu. Hawamgongi."

"Wewe hukuwa huko."

Wanasema fahali wawili wakipigana ziumiazo ni nyasi. Nyasi mimi nilisimama ukumbini na buti moja mguuni, nikingoja kujua leo naonekana ama sionekani.

Siku hiyo Mama aliniita jikoni, akanieleza huku akikuna karoti, bila kupamba. Kwao Baba, wakati wa utawala wa askari, Baba na kaka yake walikuwa wanarudi nyumbani jioni kwa baiskeli mbili. Ya Baba ilikuwa chakavu, haina hata taa. Ya kaka yake ilikuwa na rifleta mpya nyekundu nyuma, aliyoinunua mwenyewe na kuringia. Lori la askari likatokea nyuma yao na taa kali. Baba alijitupa migombani na baiskeli yake. Kaka yake alikwishaonekana. Walimchukua, na hakurudi.

"Aliyeumwa na nyoka akiona ung'ongo hushtuka," Mama akamaliza. "Baba yako si mkaidi. Ameumwa."

Halafu akachukua nyota moja, akaibana pini ndani kabisa ya mfuko wangu, na nyota yenyewe akaizamisha humo humo. Akasema nikishakata kona ya kibanda cha takataka, mahali ambapo dirisha letu halioni, niivute nje. Nikirudi, kwenye kona ile ile, niizamishe.

Kwa hiyo nilikuwa na sheria mbili na kona moja ya kubadilishia. Watu wazima watadhani ni jambo dogo. Mimi lilinivuruga usingizi. Nikiwa na nyota nje nilisikia lori la askari nyuma yangu, pale Spånga, kati ya nyumba zenye vinara vya Krismasi madirishani. Nikiwa nimeificha nilisikia gari la kawaida. Nilimwamini Baba kabisa na nilimwamini fröken kabisa, wakati mwingine katika hatua ile ile moja, na sikuwa na mtu wa kumuuliza nani kati yao anaijua barabara hii.

Basi ikaja siku theluji ilipoanguka tangu alfajiri bila kupumua, na Baba, aliyetoka kazini mapema, akaja kunichukua shuleni. Nilimwona langoni katika koti lake jeusi refu, theluji imemkaa mabegani, na furaha ya kumwona ikagongana na hofu ya nyota. Niliizamisha mfukoni haraka. Tukashika njia. Kulikwisha kuwa giza. Baba alitembea upande wa kuta za theluji, mimi kando yake, mkono wangu ndani ya mkono wake, glavu ndani ya glavu. Aliniuliza kama nimelamba chuma leo. Nikacheka.

Trekta lilikata kona nyuma yetu. Nilijua ni trekta la theluji kwa ngurumo yake na kwa taa ya rangi ya chungwa inayozunguka juu yake, ikipaka miti na kuta. Baba hakujua hivyo. Ama kichwa chake kilijua na mwili haukujua. Mkono wake ulinikaza, nikanyanyuliwa, tukatumbukia wote kwenye kilima cha theluji kando ya barabara, akanilalia juu. Theluji iliniingia shingoni na mdomoni.

"Kimya," aliniambia sikioni. "Usitikisike."

Kwa Kiswidi, kichwani mwangu, ile karatasi ilikuwa inajisoma: dereva hawezi kuwaona. Nilitaka kumwambia. Nilikuwa nimemsomea mwenyewe mezani, na alicheka. Lakini Baba alisema kimya, na Baba alikuwa anatetemeka juu yangu, na mimi sikuwahi kumjua Baba anayetetemeka. Nilikaa kimya. Ngurumo ikaja mpaka ikawa ndani ya meno yangu. Nilisikia jembe la trekta likikwangua lami, na theluji mbele yake ikisogea kuelekea tulipolala.

Kisha ngurumo ikabaki mahali pamoja, haiji wala haiendi.

Mlango ukafunguliwa, buti zikashuka. Baba akaondoka juu yangu. Nilipofuta macho nilimwona amesimama katika zile taa, kofia imeanguka, mikono yake yote miwili ameinyanyua juu, viganja wazi. Mbele yake alisimama mzee wa Kiswidi mwenye nguo za kazi za rangi ya chungwa, mweupe usoni kama ukuta, naye amerudi nyuma hatua moja. Walitazamana hivyo, na mimi chini yao sikuelewa ni nani kati yao anayemwogopa mwenziwe.

Yule mzee akaniinamia. Kwenye ubavu wa koti langu nyota ilikuwa inaning'inia. Ilikuwa imechomoka Baba aliponivuta. Akaishika kwa vidole viwili, akaigeuzageuza kwenye mwanga, akasema maneno machache, akayarudia.

"Anasema nini?" Baba aliuliza. Mikono ilikuwa bado juu.

"Anasema hakutuona. Ameona hii tu."

Baba aliitazama nyota. Nilingoja anikaripie, na Mama pia akaripiwe nyumbani kwa ajili yangu.

"Ameiona," akasema. "Halafu?"

"Halafu akasimama."

Mikono ya Baba ilishuka polepole. Yule mzee aliokota kofia ya Baba, akaikung'uta gotini, akampa. Hakuna aliyemshukuru mwingine, ninavyokumbuka. Alipanda kwenye trekta lake, akangoja mpaka tumefika mbali, ndipo akaendelea.

Nyumbani Mama alituvua nguo zilizolowa, akauliza, nami nikaeleza nusu kwa Kiswahili na nusu kwa Kiswidi, nikilia kwa mara ya kwanza. Baba hakula. Alikaa na ile karatasi ya shule mbele yake, ambayo hakuweza kuisoma, akaniita nimwonyeshe mstari wa trekta. Nikaweka kidole. Akataka na mstari wa *reflex*. Nikaweka kidole. Aliuliza nani aliyeyaandika haya. Nikasema shule. Akauliza shule inapata nini. Hilo ndilo swali ambalo lingenichekesha siku nyingine, lakini macho yake yalikuwa yanangoja jibu kweli. Jag vet inte, nikasema, na safari hii akalielewa bila kutafsiriwa.

Asubuhi alinisindikiza. Mlangoni alichukua nyota kutoka juu ya kabati, si ile ya mfukoni, nyingine, akajaribu kuibana kwenye koti langu upande wa pili. Pini ilimshinda kwa sababu ya vidole vyake vikubwa, na Mama alikaa akimtazama bila kumsaidia na bila kumtania, jambo ambalo kwa Mama lilikuwa gumu. Tulipita kona ya kibanda cha takataka na sikuzamisha wala kuvuta kitu.

Kwenye barabara kubwa, pale pa kuvukia, gari lilikuwa linakuja kutoka upande wa stesheni. Baba alisimama nyuma yangu, akaniweka mbele yake, kwenye mwanga, mkono mmoja begani kwangu. Hakuuondoa. Gari likapunguza mwendo. Likasimama. Dereva akatupungia tuvuke.

"Baba, twende. Anatungoja."

Hakusogea. Alikuwa ameinama kidogo, amekinga macho kwa kiganja, anatafuta kitu nyuma ya zile taa.

"Ngoja," akasema. "Ngoja na mimi nimwone."