Fulana Isiyombana Mama Masikio

Saa moja asubuhi, karakana ya fulana hapa Ikast, magharibi mwa Denmark, bado ina baridi. Thorkild Nørgaard ameinamia cherehani, ulimi umemtoka pembeni mwa mdomo. Vidole vyake vinene vimeushika utepe wa shingoni kana kwamba utamkimbia.

"Hebu acha!" anafoka Gudrun, fundi anayemfundisha. "Unavuta kama unamzalisha ng'ombe!"

Thorkild anacheka, maana ng'ombe ndio kazi aliyoijua tangu ujana. Mgongo ulipogoma, akauza zizi zima.

Kilichomleta kwenye cherehani ni mama yake, Ellen, anayeishi katika nyumba ya wazee na ana maradhi ya kusahau. Nguo za vifungo huzing'oa vifungo vyote. Za kuvalia kichwani zikimfunika macho, hupiga mayowe.

"Mle gizani anadhani amepotea," anasema Thorkild. "Shingo ikimkwama masikioni, ndiyo basi tena. Ananitandika makofi, mama ambaye hakuwahi kunipiga!"

Mwanzoni alimshonea fulana mwenyewe, nyumbani. Ilipendeza kweli. Lakini aliutia utepe kwa mshono ulionyooka, usiovutika, na shingo ilipopanuka nyuzi zikakatika tra-tra-tra masikioni mwa Ellen. Mama alilia asubuhi nzima. Thorkild alilia pia, ndani ya gari.

Ndipo akaenda kuomba kazi kwa Gudrun. Majira yote ya baridi amekuwa akijifunza kukata utepe mfupi kuliko shingo, kisha kuuvuta kidogo tu kwenye mzunguko. Ukizidisha, shingo hujikunja; ukilegeza, hubaki wazi.

"Fulana iache ilale," Gudrun humwambia. "Utepe ndio uubembeleze."

"Nimeubembeleza mpaka nimechoka."

"Bembeleza tena, mzee wa ng'ombe."

Ijumaa, wakati wa mikate ya asubuhi, Gudrun huzivaa kazi za wanafunzi mbele ya wote, na ole wake ambaye shingo ya fulana yake itamvurugia kifundo cha nywele. Wengi wameshamvurugia, Thorkild zaidi ya wote. Ijumaa iliyopita, kwa fulana ya Thorkild, kifundo hakikutikisika. Gudrun aliivua fulana ile, akaikunja vizuri.

"Mpelekee mama," alisema.

Kesho yake mimi, mwandishi wa habari hizi, nilifuatana na Thorkild hadi nyumba ya wazee. Alipoinua fulana, Ellen alikunja ngumi. Kitambaa kikamfunika uso. Thorkild akauliza swali ambalo mama huyo alimuuliza utotoni kila alipomvisha.

"Mama yuko wapi?"

Shingo ikapanuka, ikayapita masikio.

"Niko hapa!" akasema Ellen, nywele zimemsimama, anacheka.

Jina la mwanawe hakulikumbuka. Mimi na wahudumu waliokuwa chumbani tulitazama dirishani, kila mtu akipangusa macho yake.

Sasa Thorkild anashona ya pili, ya buluu, na anataka mama awe na moja kwa kila siku ya juma.

"Jina langu akilisahau, si neno," anasema, akiuweka utepe sawa. "Mradi kila asubuhi akitokeza kichwa, anikute."