Ramani Niliyoirudisha Safi

Juzi, katika bustani ya umma mjini Kitui, niliona watoto wakikimbia na ramani mkononi, wakitafuta vigingi vyenye namba vilivyosimikwa kati ya miti. Hasira ya zamani ikanipanda.

Nasi, nilipokuwa shuleni, tulikuwa na vigingi kama hivyo, kwenye kilima kimoja karibu na Kabati. Alasiri moja mwalimu alitugawia ramani na kadi za kunakili herufi iliyoandikwa chini ya namba ya kila kigingi. Ramani yangu ilinukia wino mpya. Nilidhani ni ya kurudishwa safi, nikaiweka kifuani bila kuikunjua, nikakimbia. Kilimani kule ndiko nilikookota kuni na mama, na kila kigingi nilikuwa nimekipita mara nyingi. Nikamaliza wa kwanza, miguu imechanwa na miiba.

"Ramani hata hujaikunjua," mwalimu alisema. "Mwende, umekopi kwa nani?"

"Sijakopi, mwalimu. Njia nazijua."

Akairarua kadi yangu mbele ya darasa zima.

Leo najua ramani ni ya mgeni asiyejua njia. Siku ile niliamini kweli nimekosa kwa kutoikunjua, nikasema, "Nisamehe, mwalimu." Kadi ningeisahau. Msamaha ule ndio unaonichoma hadi leo, kwa sababu niliuomba kwa kosa la kuzijua njia za kwetu.