Kitambaa cha Nyuma

Kaseti za nje za muziki wa vinanda vya umeme nilizijua kwa kava kabla ya sauti. Nyuma ya mtu rangi moja tupu, kali, hakuna ua wala pazia. Mwimbaji hacheki, uso umepigwa taa upande mmoja, macho yanatazama kando. Kava zetu za taarabu zilikuwa watu wamejipanga safu, nguo mpya, meno nje. Mimi mwenye studio ya picha Chake, Pemba, nilizidharau, na hata kwa hilo sasa naona haya.

Binamu yangu alipiga kinanda kwenye harusi, na hiyo ndiyo ilikuwa riziki yake. Aliporekodi kaseti yake ya kwanza alinijia. "Nifanye kama hao wa nje," alisema. Nikatundika nyuma yake kitambaa nilichopewa na fundi cherehani jirani, masalio ya bendera za chama alizokuwa akishona. Ilikuwa miaka ya mwanzo ya vyama vingi, watu Pemba hawazikani kwa ajili ya rangi ya chama. Nilijua. Lakini rangi ile ilikubali taa vizuri mno, nikajiambia sanaa haina chama. Kiburi kitupu. Mama yake alipoiona kava aliniuliza tu, "Mbona kanuna hivi, mwanangu? Kafiwa?"

Tukaalikwa harusi Konde, yeye apige kinanda, mimi nipige picha. Kaseti zilikuwa zimeshatutangulia, na wenye harusi walikuwa wa chama kingine. Asubuhi mjomba wa bi harusi alitupokea uani, kaseti mkononi. Hakupandisha sauti.

"Mnatuletea bendera yao mpaka nyumbani kwetu. Nani kachagua rangi hii?"

Nilifungua mdomo. Binamu akaniwahi.

"Mimi, Mzee. Kitambaa nilikwenda nacho mwenyewe. Huyu kapiga picha tu."

Ningeweza kumkatiza. Sikumkatiza, na najilaumu mpaka leo, kwa sababu habari ilienea na upande ule wote hakuitwa tena kupiga.

Akaambiwa ende zake. Alikifunga kinanda kwenye shuka, nikamsaidia kukipakia kwenye gari la kwenda Wete. Aliniambia nifanye haraka, bi harusi anakaribia kutoka. Nikarudi ndani, nikapiga picha kutwa nzima, na pilau nikala nikashiba.