Baked beans za slow cooker, baba mkwe asiyekula kwetu, na bakuli la supu

Wakuu, mulembe.

Hii stori nimekaa nayo wiki mbili nikijiuliza niilete au niinyamazie. Leo nimeamua. Sitaongeza chumvi, na pale mtaona nilikuwa mjinga, basi jueni nilikuwa mjinga kweli.

Mimi ni fundi wa simu hapa Kakamega, naishi Amalemba na wife na mtoto wetu mmoja. Nina ugonjwa mmoja tu: nikiona kitu sikielewi, lazima nikifungue nione ndani kuna nini.

Sasa, wife ni Msabato wa kuzaliwa. Mimi siyo. Baba yake ni mzee wa kanisa, na nyama aliacha zamani sana. Si kuku, si samaki, hakuna.

Tangu tuoane, miaka mitatu, huyo mzee hajawahi kula kwetu.

Anakujanga vizuri tu. Anasalimia, anaomba, anambeba mjukuu. Chakula kikiletwa anasema, "Nimeshiba, nimetoka kula nyumbani." Anakunywa maji ya moto, anaenda.

Mara ya kwanza nilidhani ameshiba kweli. Mara ya tano nikajua hapa kuna kitu.

Wife ilikuwa inamuuma vibaya. Baba yake akishatoka, unampata jikoni anarudisha chakula kwa sufuria. Siku moja akaniambia, "Unajua anatukataa? Ni vile niliolewa nje ya kanisa." Na mimi pia nilikuwa nimeanza kuamini hivyo.

Basi kuna dada mmoja wa Mukumu alikuwa anahama, anauza vitu vya nyumba. Nikaona slow cooker. Chungu cha umeme hivi, kizito, kina mfuniko wa glasi. Nikamuuliza inafanya nini. Akasema unaweka chakula jioni, kinajipika pole pole mpaka asubuhi.

Hapo akili ikawaka.

Wasabato hawapikangi Jumamosi. Kila kitu kinapikwa Ijumaa kabla jua halijazama. Mzee akija baada ya kanisa tunampeanga chakula cha kupasha. Nikasema, kumbe inawezekana akakuta chakula moto kabisa, hakuna aliyewasha jiko, na hakina nyama. Atakataa kwa sababu gani?

Nikaingia mtandaoni, nikapata wazungu wanapika baked beans. Lakini nyingi wanaweka nguruwe. Nguruwe kwa Msabato! Nikatafuta ile haina nyama: maharagwe, kitunguu, nyanya, haradali, siki, na sukari fulani nyeusi ya miwa. Hiyo sukari hapa hatuna, lakini sukari nguru iko kila mahali. Nikaona hapo nimewashinda.

Jaribio la kwanza lilikuwa aibu. Niliroweka maharagwe usiku, nikayachemsha sana robo saa (msiruke hii hatua wakuu, maharagwe mekundu yasipochemshwa vizuri kwanza yanaumiza tumbo vibaya), halafu nikamwaga kila kitu kwa chungu. Nyanya, siki, sukari nguru, zote.

Masaa kumi. Nikafunua. Rangi safi, harufu safi, maharagwe magumu kama kokoto.

Nikaongeza masaa mengine manne. Bado kokoto! Wife akacheka mpaka akakaa chini.

Nikampigia mathe, mama yangu, yuko shamba Lugari. Akaniuliza, "Umeweka nyanya kabla hayajaiva? Nani alikufundisha hivyo?" Akasema maharagwe yanaiva kwanza peke yake, na niyaroweke na kijiko cha musherekha, yale maji ya majivu tunayopikianga mboga za kienyeji. Nikafanya hivyo, nikayasuuza, nikayachemsha mpaka yakalainika, ndipo nikaweka nyanya na zile zingine. Yakatoka laini, lakini tamu kama peremende, maana sukari nguru niliweka kipande kizima.

La tatu nikapunguza sukari, nikachoma kitunguu kwanza mpaka kikaiva vizuri. Wakuu, hapo nilisimama jikoni nikala na mwiko. Nikaandika vipimo vyote kwa kitabu cha kazi, katikati ya simu za wateja.

Tukamwalika mzee, Sabato, saa saba mchana. Wife akaniambia, "Akikataa na hii, sitamwalika tena." Alisema polepole, hakuwa na hasira. Hiyo ndiyo iliniogopesha.

Alhamisi mathe akaingia kutoka Lugari kuona mjukuu. Na amebeba nini? Jogoo. "Ya wakwe," anasema.

Nikamweleza. Mzee hali kuku. Akaniangalia kama mtu amepoteza mtoto. "Sasa mkwe aingie kwa nyumba yangu apewe maharagwe? Bila kuku, bila ingokho? Watu watasema tulimnyima." Nikamwambia mathe, tafadhali. Tukachinja jogoo tukala wenyewe jioni hiyo na obusuma, ugali wetu, na supu iliyobaki ikaingia kwa friji. Nikadhani imeisha.

Ijumaa jioni nikapanga chungu, nikawasha kabla jua kuzama. Jumamosi wife na mtoto wakaenda kanisa. Mimi nikabaki na mathe, nikinusa.

Saa sita hivi nikaingia kuoga. Nikatoka, nikachukua kijiko nionje kwa mara ya mwisho.

Ilikuwa tamu.

Shida ni kwamba ilikuwa tamu kuliko ile ya kitabu. Nzito, inakaa kwa ulimi. Ningekuwa mtu wa kawaida ningeshukuru Mungu ninyamaze. Lakini nimewaambia ugonjwa wangu. Vipimo ni vile vile, saa ni zile zile, chungu ni kile kile. Nini kimebadilika?

Nikaangalia juu ya maharagwe. Kuna mafuta, vijiduara vya manjano. Mimi sikuweka mafuta ya namna hiyo. Nikafungua friji. Bakuli la supu halipo. Liko kwa sinki, limeoshwa vizuri, linakauka.

"Mathe, supu iko wapi?"

"Supu gani?"

"Ya jogoo."

"Aah, niliongezea hapo kidogo. Ilikuwa inakaa maharagwe ya shule."

"Mathe! Nilikuambia mzee hali nyama!"

"Na nani ameweka nyama? Tafuta hapo kama utapata hata kipande. Ni supu tu."

Na wakuu, mnajua vile kwetu ni. Mtu akisema hali nyama, unamtolea vipande unamwachia mchuzi, unaona umemheshimu. Mimi mwenyewe nimekula hivyo, nikihesabu nimekula mboga. Mathe hakuwa na ubaya hata kidogo. Aliona mkwe anakuja, hakutaka aondoke na aibu yetu.

Saa sita na nusu. Slow cooker haiwezi kurudisha kitu, na maharagwe mengine hayaivi kwa nusu saa.

Sasa nitaungama. Dakika kumi hivi nilifikiria kunyamaza. Nani angejua? Mzee angekula, wife angefurahi, mathe hangeaibika. Hata nilichukua kijiko nikaanza kutoa yale mafuta juu. Nimetoa nusu kikombe hivi, nikasikia geti.

Wakaingia kutoka kanisa, wife, mtoto na mzee. Mzee akaomba, akaketi. Na wife, kwa furaha yake, akapakua haraka kabla sijamvuta kando. Mzee akainama juu ya sahani. Akauliza, "Haya ni maharagwe yaliyojipika yenyewe?" Halafu, wakuu, akachukua kijiko. Kwa mara ya kwanza katika nyumba yangu.

Wife aliniangalia. Ile sura sijawahi kuiona tangu harusi.

Nikasema, "Baba, usile. Kuna supu ya kuku ndani. Ni makosa yangu, sikuangalia chungu."

Wife akafunga macho. Mimi nilitamani sakafu inimeze.

Mathe akatoka jikoni anafuta mikono kwa leso. "Mtoto anadanganya. Hakukosea yeye, ni mimi. Niliona haya kukupa maharagwe matupu, mkwe. Nisamehe."

Mzee akaweka kijiko chini. Halafu akamwambia mathe, "Mama, keti."

Akatueleza. Alipoacha nyama, alikuwa anakula sana kwa ndugu yake. Miaka mingi. Wanamwambia ni mboga tu, anaamini, anakula. Siku moja mtoto wa huko akasema mbele yake kwamba kila mara wanatia mchuzi wa ng'ombe, na watu wazima wakacheka. Walikuwa wanajua wote. Tangu siku hiyo hakula tena nje ya nyumba yake, kwa mtu yeyote, awe wa kanisa au asiwe.

"Sikukataa nyumba yako," akamwambia wife. "Niliogopa kuuliza, na niliogopa kudanganywa tena."

Halafu akageukia mathe. "Hapo jikoni kuna nini kingine cha kula?"

Mathe alikimbia, wakuu. Yule mama wa magoti mabaya alikimbia. Akaleta viazi vitamu vya Ijumaa, baridi, na avocado mbili. Mzee akauliza vilipikwa na nini. Mathe akasema, "Maji na chumvi." Mzee akala. Akala kiazi cha kwanza, cha pili, akaomba cha tatu. Wife akatoka nje akasimama karibu na tangi la maji, nikamwacha alie.

Zile baked beans tulikula mimi na mathe mpaka Jumatatu. Zilikuwa tamu ajabu, siwezi kudanganya.

Somo langu ni hili: nilitumia mwezi mzima kuchunguza maharagwe, na miaka mitatu sikuwahi kumuuliza mzee swali moja la maana. Fundi mzima.

Sasa nawaachia nafasi. Mwenye kuelewa, anieleze kwa nini nyanya na siki zinafanya maharagwe yakatae kuiva, maana mathe anajua ni hivyo lakini hajui ni kwa nini. Wasabato na wasiokula nyama, nanyi mtuambie ukweli: mmeshalishwa "supu tu" mara ngapi?

Na kama kuna mtu anakujanga kwako na hali, usikasirike kwanza. Muulize.